Mjumbe wa Shedi ya Mashine

Dada yangu alianza kutumwa maneno angali hajang'oa meno ya utoto. Mama yetu alikuwa haongei na jirani wa ukuta mmoja. Sababu yenyewe ilishasahaulika pande zote mbili, lakini ugomvi ulikuwa mzima na ulihitaji kuhudumiwa kila siku. Basi mama humwita dada, humwambia: “Nenda kamwambie yule mtu maji yake ya kufulia yanaingia mlangoni kwangu.” Dada huenda, husimama wima, husema maneno yale yale, na akifika kwenye “yule mtu” huubetua mdomo vile vile mama alivyoubetua. Jirani naye hujibu kwa ukali, na dada hurudi na jibu zima, tusi likiwa mahali pake. Baba alikuwa akicheka mpaka anajishika mbavu. “Huyu,” alisema, “ndiye mjumbe wa nyumba hii.”

Mimi mdogo wake nilijaribiwa kazi hiyo mara moja tu. Nilimuuliza mama kwa nini asiende kusema mwenyewe, na kama hayo maji ni ya jirani kweli au ni yetu. Nilifukuzwa jikoni. Tangu hapo nimekuwa hivyo hivyo. Mtu akinisalimia mara mbili, najiuliza ya pili ni ya nini.

Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa namna gani. Neno mjumbe nimelitazama kwa jicho la pembeni maisha yangu yote, ingawa mwanzoni halikuwa na kosa. Mjumbe alikuwa mtu wa kutumwa. Kazi yake ilitaka miguu na kumbukumbu, abebe maneno ya huyu, ayafikishe kwa yule, arudi na jibu, apewe maji ya kunywa, basi. Hakuwa na maoni. Angekuwa na maoni angeambiwa abaki nyumbani. Halafu wakaja watu wa mikutano. Sijui nani wa kwanza kulichukua neno lile na kulivalisha koti, lakini tulipopata akili ya kusikiliza redio, wajumbe walikuwa hawatumwi tena popote. Walikuwa wameketi. Mtangazaji husema wajumbe wamekutana, wajumbe wamejadili, wajumbe wamepitisha kwa kauli moja. Nikamuuliza baba: mtu aliyetumwa kupeleka maneno amepata wapi ruhusa ya kupitisha? Na kama kila mmoja katumwa na watu wake, hiyo kauli moja wameiokota njiani? Baba akaniambia nipunguze maswali nile.

Siku hizi hata ile kazi ya kwanza neno limenyang'anywa. Ukitaka kumpelekea mtu maneno, simu inapeleka, na kinachopelekwa kinaitwa ujumbe. Mjumbe akabaki hana ajira, akaingia siasa.

Dada aliingia kiwanda cha nguo akiwa msichana, na baadaye akanivuta na mimi. Tulikuwa upande wa kufuma. Shedi yetu ni jumba refu la mabati, mashine zimepangwa safu safu, na zote zikiwaka huwezi kusikia hata kikohozi chako mwenyewe. Vumbi la pamba linaelea hewani na kutua kwenye nyusi, hata msichana wa juzi anaonekana bibi kufikia saa ya chakula. Mgeni akiingia anafikiri amekuta mabubu wanaotafuna kitu. Kumbe tunaongea kutwa. Tunasoma midomo. Unaufungua mdomo wazi, unalitamka neno polepole bila kulitoa sauti, na mwenzako wa safu ya pili amelipata. Kwa njia hiyo tumepeana habari za ndoa, magonjwa, umbea na dawa za tumbo. Anayeongoza ni mama mmoja wa mashine za karibu na nguzo ya kati, tunamwita Redio, na jina limemkaa.

Kitu kingine cha shedi yetu ni kushikiana. Kila mfumaji ana mashine zake kadhaa. Uzi ukikatika na asiwepo wa kuuunga haraka, kitambaa kinaendelea kutoka kikiwa na mstari mtupu, na jora zima linaandikwa bovu. Sasa mtu ana kibofu, ana mafua, ana mambo yake. Unajigonga kifuani, unamwonyesha jirani mashine zako, anaitikia kwa kichwa, unakwenda. Ukirudi unamkuta anaruka huku na huku kwa ajili yako. Hakuna aliyetuamuru hivyo, na sikuwahi kuona mtu akikataa. Maana mtu asiyeshikiwa amekwisha. Majora mabovu yakizidi, nyapara anamwonyesha geti.

Ofisi ya meneja iko juu, unaipanda kwa ngazi ya chuma, na upande wake mmoja ni kioo kipana kinachotazama shedi nzima. Ukiwa chini, kioo kinarudisha mwanga wa taa zetu. Unaona kivuli cha mtu, amesimama au ameketi, hujui kama anacheka au anapiga miayo. Tuliamini na yeye anatuona hivyo hivyo, vivuli vinavyohangaika na nyuzi.

Dada alianza kupanda ngazi ile kwa sababu ya feni. Feni kubwa ilikufa wakati wa joto, watu wakaanza kuanguka, na hakuna aliyetaka kwenda kusema. Wakamwambia yeye ana uso wa kutumwa. Akapanda, akasema, akashuka. Tulipozima mashine kwa chakula akatupa jibu: “Meneja anasema wiki ijayo. Lakini amesema huku anatafuta kalamu ambayo iko mkononi mwake.” Hapo tukajua hakuna wiki ijayo, na tukakusanyana wenyewe kumleta fundi. Ndivyo alivyokuwa dada. Alileta maneno, na alileta na mkao wa aliyeyasema. Watu walimpenda kwa hilo, nami nilijivuna kwa siri.

Kisha wakaja watu wa chama cha wafanyakazi na makoti yao. Wakasema shedi lazima iwe na mjumbe rasmi. Tukashangaa, maana tulikuwa naye. Wakasema huyo hakuchaguliwa. Tukanyoosha mikono juu, wote, akachaguliwa yule yule, akabandikwa beji ya plastiki kifuani. Tangu siku ile alikuwa akiitwa kwenye mikutano ya kumbi kubwa, anakalia kiti chenye mgongo, anapewa soda, anaitwa “ndugu mjumbe”. Akirudi anatueleza yote mpaka rangi ya soda. Nyumbani mumewe, fundi baiskeli mwenye maneno mengi kuliko spana, hakumpa nafasi ya kupumua. “Mheshimiwa mjumbe, chumvi imekwisha. Tupitishe kwa kauli moja, au tuunde kamati kwanza?”

Tulicheka. Lakini wajumbe wa idara nyingine hawakuwa dada yangu. Yule wa upande wa rangi alihamishiwa kazi ya kukaa. Wa stoo, shemeji yake akapata ajira wakati watu wengine wanaambiwa nafasi zimejaa. Mwingine alianza kutembea polepole na kuitikia salamu kwa kidevu. Polepole neno likaanza kunuka. Ukiwakaribia watu wakanyamaza ghafla, ukauliza kuna nini, wanakwambia: “Aa, kumbe wewe! Tulidhani mjumbe.” Redio alilipunguza zaidi. Hakuwa analitamka kabisa, alikuwa anauelekeza mdomo kwenye ngazi, na kila mtu anaelewa. Mjumbe sasa alikuwa mtu anayepanda na maneno yako na kushuka mikono mitupu. Dada alicheka pamoja na wengine, kwa kuwa alijua si yeye anayesemwa. Mimi sikucheka. Neno likishaanza kuharibika haliulizi nani ni mwema.

Meneja wa zamani akastaafu, akaja mwingine, kijana kiasi, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Yule wa zamani alikuwa akifoka, na ukimsikia anafoka unajua alipo. Huyu alikuwa anasalimia. Mtu mtoto wake akiugua, meneja anakutana naye getini asubuhi: “Pole, mtoto anaendeleaje?” Watu wakasema tumepata mtu mwenye moyo. Mimi nikauliza amejuaje. Wakaniambia roho yangu mbaya. Swali sikulitupa.

Wakati huo tatizo letu lilikuwa mlango wa nyuma. Ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli tangu majora yalipoibiwa. Shedi imejaa pamba, na siku moja mota ya pembeni ikatoa cheche, vumbi likashika moto. Ulizimwa kwa mchanga kabla haujapanda, lakini wote tulikuwa tumekimbilia mlango mmoja na kukwama pale, kifua kwa mgongo. Mama mmoja alivunjika mkono. Dada akapanda ngazi kuomba mlango ufunguliwe. Akajibiwa kwamba suala hilo linashughulikiwa. Akapanda tena, jibu likawa lile lile. Akatuambia: “Ananijibu vizuri sana. Hata hanikatizi. Mimi simwelewi.”

Basi tukapanga. Wanunuzi wakubwa walikuwa waje kukitembelea kiwanda. Wakiingia tu shedini, kila mtu azime mashine zake na asimame, kimya, mpaka wageni waulize kuna nini. Hatukuitisha mkutano. Wazo hilo tulilipitisha mdomo kwa mdomo, mashine zikiwaka, mbele ya nyapara ambaye masikio yake hayakufaa kitu mle ndani na macho alikuwa nayo kwenye vitambaa. Lilizunguka safu zote kabla ya chakula.

Siku ya wageni, wageni hawakuja shedini. Walipelekwa stoo, wakaonyeshwa majora, wakanywa chai, wakaondoka. Wanawake wawili waliotoa wazo lile wakahamishiwa upande wa rangi, kule kwenye mvuke unaochubua mikono, “kwa mahitaji ya kazi”. Hakuna aliyeuliza jinsi gani. Swali lilikuwa nani. Na watu wote tulijua ni nani peke yake mwenye ruhusa ya kupanda ngazi.

Hakuna aliyemwambia dada kitu usoni. Kesho yake alijigonga kifuani akamwonyesha Redio mashine zake, na Redio akatazama mabati ya paa kana kwamba yanavuja. Akamgeukia jirani wa upande wa pili. Yule alikuwa ameinama anaunga uzi ambao haukukatika. Mimi nilikuwa safu ya mbali, na huwezi kushika mashine za safu ya mbali bila kuua zako. Dada akabaki pale, amebana miguu, mpaka saa ya chakula.

Baada ya hapo akaacha chai ya asubuhi. Akaacha na maji. Kwenye joto lile, midomo ikampasuka. Siku moja tumbo likamshika akakimbia hivyo hivyo, na aliporudi alikuta mashine mbili zimetema kitambaa chenye mistari, na wenzake wote wamempa mgongo. Nyapara akamwambia bila hasira: “Mama, mengine mawili ya hivi, sitakuwa na la kukusaidia.” Alikuwa na watoto shuleni na mume ambaye wateja wake walilipa kwa ahadi. Lile geti kwake halikuwa mzaha.

Jumapili nilikwenda kwake. Shemeji alikuwa nje na gurudumu la mtu. Dada alikuwa jikoni anakata vitunguu. Sisi wawili nyumbani tukitaka watoto wasisikie, huongea kwa midomo, mazoea ya kazini. Nikamtazama, nikatamka bila sauti: “Ni wewe?”

Aliendelea kukata. Kisha akanijibu kwa sauti, wazi kabisa: “Umekuja kwa hilo?”

“Nauliza tu.”

“Wewe hujawahi kuuliza tu tangu uzaliwe.”

Sasa nitasema lililonisumbua. Wiki ile ile waliyohamishwa wale wawili, mwana mkubwa wa dada, aliyekaa bila kazi muda mrefu, aliitwa stoo na kupewa ajira. Hakuwa ameomba. Nikamwuliza dada kazi ile imetoka wapi.

“Sijui,” alisema. “Meneja alinikuta getini akaniambia, mlete kijana. Nilifikiri Mungu amenisikia.”

“Na ulimwambia nani kwamba kijana hana kazi?”

“Nilimwambia Redio. Nilikwambia wewe. Nani hajui?” Akaweka kisu chini. “Nikikwambia si mimi, utaamini?”

Nilitaka kusema ndiyo. Kinywa kilikuwa wazi kabisa. Naye akasubiri kidogo, kisha akachukua kisu akaendelea. Nilinywa chai yake, nikaaga, shemeji akanitania pale nje, nikapita. Nilimpenda dada yangu na nilimshuku, yote mawili kwa pamoja, na sikulala vizuri.

Siku chache baadaye nyapara akaniambia naitwa juu. Nikapanda. Meneja akanikaribisha kwa upole wake ule, akanisogezea kiti, akasema: “Nimekuita tu. Jino linakusumbua sana? Ukitaka ruhusa ya kwenda hospitali nikuandikie.”

Jino lilikuwa linaniuma kweli. Lilianza asubuhi ile ile, na nilikuwa nimemwambia Redio peke yake, kwa mdomo, mashine zikiwaka. Dada hakuwa ameondoka kwenye mashine zake tangu kengele. Hakuweza kuondoka, nani angemshikia?

Nikageuza shingo kwenye kioo. Mungu wangu! Kutoka juu hakikuwa na mwanga wowote wa kuzuia. Taa zetu zilimpiga kila mtu usoni. Niliona midomo ya shedi nzima, safu kwa safu, na yote ilikuwa inasema. Yule anamlalamikia mumewe. Yule anauliza bei ya sare za shule. Redio alikuwa katikati ya hadithi ya mama mkwe wake aliyeficha sukari ndani ya kiatu halafu akasahau kiatu kipi. Alipofika kwenye kiatu, nilisikia mtu akicheka puani. Nikatazama. Meneja alikuwa ameng'ata mdomo wa chini, macho yake kwa Redio.

“Bosi,” nilisema, “samahani, mama yako alikuwa anafanya kazi gani?”

Uso ukamchangamka. “Alikuwa mfumaji. Nimekulia mlangoni mwa shedi mimi. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa anapaza sauti.”

Mpaka leo sijui kama alijisahau au alitaka nijue. Aliniandikia ruhusa ya hospitali, nikaishika, nikashuka.

Chini sikumwambia mtu. Kwanza, ningemwambiaje, wakati meneja yuko pale juu anatazama? Na hata nje ya geti, nani angeniamini? Wangesema mdogo mtu anamsafisha dada yake. Ningekuwa mimi kwenye nafasi yao ningesema hivyo hivyo. Shedi ile haikutaka kuambiwa, ilitaka kuona. Kwa hiyo tulipotoka jioni nilimvuta Redio pembeni mbali na ukuta wa kiwanda, nikamwambia kwa sauti: “Kesho asubuhi nitakwambia habari ya kiti. Usinijibu. Tazama kioo.”

“Kiti gani?” akauliza.

“Tazama kioo tu. Na usimwambie mtu.”

Hilo la mwisho nililisema makusudi. Kabla hatujafika barabara kubwa, nusu ya shedi ilikuwa imeshajua.

Asubuhi, mashine zilipokolea, nilimwita Redio kwa mkono na kuufungua mdomo wangu wote, jino na maumivu yake: “Fundi kalegeza mguu wa kiti cha meneja. Akiegemea tu, chali! Usimwambie mtu.”

Kivuli kule juu kilikuwa kimeegemea. Kikanyanyuka wima. Kikasimama kidogo, kikainama, na tukaona miguu ya kiti ikipanda juu nyuma ya kioo, mmoja mmoja ukitikiswa. Kisha kiti kikapinduliwa upande wa pili, kikatikiswa tena. Shedi nzima ilikuwa imeinua nyuso. Nyuzi zilikatika safu zote na hakuna aliyeunga.

Redio aliangua kicheko, mabega yakimrukaruka. Halafu kicheko kikamkauka. Nilimwona anakumbuka. Alipeleka mkono mdomoni, na jirani yake akapeleka wake, na yule wa nyuma, mpaka wanawake wote wa shedi wakawa wamesimama wameziba midomo, kila mmoja akijaribu kukumbuka amesema nini miezi yote ile. Waliosema habari za waume zao. Waliosema habari za waume wa wenzao. Dada peke yake hakuziba. Alikuwa anaunga nyuzi zake.

Jioni walimzunguka nje ya geti. Waliokuwa wakitazama paa walikuwa wa kwanza kumshika mkono. “Mjumbe, tusamehe. Shetani tu.”

“Shetani hana mashine mle,” dada alisema. “Na msiniite hilo jina.”

“Tukuiteje tena, Mjumbe?”

Akachomoa beji, akaitafutia mkono wa kuiweka, akaiweka kwenye wa Redio. “Nataka mtu wa kunishikia mashine nikienda chooni. Mengine hayo sitaki.”

Redio akaishika ile beji kwa vidole viwili, mbali na mwili. “Lakini mlango bado umefungwa,” akasema. “Na sasa meneja anajua kwamba tunajua. Lazima mtu apande akamwambie. Nani atapanda?”

Watu wakatazama viatu. Wapo waliokumbuka ghafla kwamba wameacha kitu jikoni. Kisha mmoja, sikumwona ni nani, akasema: “Si huyu mdogo mtu? Ndiye aliyemgundua.” Mikono ikapanda hapo hapo barabarani, haraka, mikono ya watu waliofurahi kwamba si wao. Nilimtafuta dada. Alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Tulitembea pamoja mpaka njia panda yetu. Maneno ya kumwomba radhi niliyapanga vizuri kabisa, na yaliyotoka yakawa: “Kumbe ni meneja.”

“Kumbe,” alisema.

Tukaenda kidogo.

“Wale walinishuku kwa sababu ya ngazi,” akasema. “Sina neno nao. Walikuwa wananiona mgongo tu kule juu. Wewe ulinishuku umekaa jikoni kwangu, unanitazama usoni.”

“Nisamehe, dada.”

“Nimekusamehe,” alisema, nami nilijua ni kweli, kwa sababu dada hasemi maneno ambayo hayapo. Kisha akaongeza, “Nenda kesho ukaseme habari ya mlango. Useme vizuri.” Akakata kona.

Asubuhi wanawake walikuja na vitambaa wamevifunga mdomoni. Shedi ilikuwa bubu kweli kwa mara ya kwanza. Nilibandika beji, nikamwonyesha jirani mashine zangu, akaitikia kwa kichwa, nikapanda. Meneja alikuwa amesimama kwenye kioo. Hakugeuka mara moja. Nikasimama karibu naye nikisubiri, na kwa kuwa nilikuwa pale, na taa zilikuwa zinawaka, nami nikatazama chini.

Redio hakuweza kuvumilia. Alikuwa amekivuta kitambaa kidogo chini ya kidevu, ameinamia upande wa dada yangu, na anauliza: “Mdogo wako huyo. Unamwamini?”

Dada alikuwa na uzi uliokatika. Aliuunga, akauvuta kuujaribu, akaiwasha mashine. Ndipo akashusha kitambaa chake na kumjibu Redio, polepole, kila herufi ikionekana.

“Sijui.”

“Pole,” alisema meneja kando yangu, kwa upole ule ule, macho yake yakiwa bado chini kule.

Nikakigeuzia kioo mgongo, nikamwambia nimekuja kwa habari ya mlango.